Safari ya Ugogo: Elimu ya Mbegu katika Nchi Kame

Msafiri atokaye pwani kwa barabara ya Morogoro, akiisha kuipa kisogo milima ya Ukaguru na kuupita mji wa Gairo, huingia katika nchi ambayo tabia yake yote imeamuliwa na mvua. Ni uwanda wa juu, ulio kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, wenye udongo mwekundu mahali pengine na wa kijivu mahali pengine, mibuyu minene na miiba ya migunga. Na mvua yake, ambayo kwa mwaka wa wastani hata milimita 600 ni shida kufika, hunyesha kwa msimu mmoja tu, toka Desemba hata Aprili, kisha mbingu hufungwa kwa miezi saba. Tena hata ndani ya msimu wenyewe, aghalabu mwezi wa Februari, mvua huweza kukatika kwa majuma mawili au matatu ilhali jua lawaka bila ya huruma, mkulima akaitazama mimea yake ikisinyaa asiwe na la kufanya. Nilifunga safari kwenda huko mwishoni mwa mvua, wakati mtama unapoanza kukomaa, kwa kuwa nilitaka kushuhudia jinsi elimu ya mbegu inavyotenda kazi mahali ambapo kukosea mbegu ni kukaribisha njaa.

Nilishuka kwanza Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, ambako malori husimama safu kwa safu yakipakia shehena ya Kiteto, ya Gairo na ya Kongwa yenyewe. Mahindi si zao baya, nami sikwenda Ugogo kuyatukana. Walakini ni mgeni aliyeletwa Afrika kutoka Amerika, na umbile lake halikuandaliwa kwa nchi kama ile. Ua lake la kiume, yaani mbelewele, hukaa kileleni, na la kike hukaa katikati ya bua, ndani ya maganda, likitoa zile ndevu laini zipokeazo chavua. Ukame ukishuka katika siku hizo chache, mbelewele humwaga chavua yake kwa wakati wake, lakini ndevu huchelewa kutoka. Chavua hupeperuka ikaisha, na ndevu zitokeapo hazikuti kitu. Hivyo ndivyo shamba lililopendeza macho mwezi wa Januari linavyovunwa mabua mwezi wa Mei, na mwenyewe akadhani amerogwa.

Mtama una desturi nyingine. Kila kiua chake kina viungo vya kiume na vya kike pamoja, kwa hiyo hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa. Majani yake yamepakwa nta, na joto likizidi hujikunja yasipoteze maji. Mizizi yake hushuka mbali kufuata unyevu. Na kiu ikiushinda, mmea husimamisha ukuaji wake, ukangoja, hata mvua irudipo ukaendelea na safari. Mambo hayo haukujifunza jana. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata mashariki ya Sudani dalili za mtama uliokwisha kuanza kufugwa na wanadamu zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na toka huko zao hili lilienea katika nchi zote za nyika na za jangwa, likavuka bahari hata Bara Hindi. Uwele nao, ambao huvumilia ukame na mchanga kuliko mtama, ni mwana wa Afrika vilevile.

Na kuna jambo zito zaidi ambalo soko lile lilinikumbusha. Katika miaka kadhaa ya dhiki njaa ilihesabiwa kwa upungufu wa magunia. Lakini mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa, na chakula kilichoshukiwa ni mahindi waliyoyalima wenyewe na kuyaweka ghalani mwao. Kuvu aitoaye sumu hiyo hupenda punje iliyoteswa na kiu shambani kisha ikahifadhiwa ingali na unyevu. Mtama na uwele haviko salama kabisa, ila hupatwa kwa uchache. Basi mtu achaguapo zao la kupanda katika nchi kame hachagui wingi wa mavuno peke yake, huchagua na afya ya watoto wake.

Kutoka Kibaigwa nilikwenda Kongwa, kwa sababu mtu hawezi kunena juu ya elimu ya mazao katika Ugogo pasipo kufika mahali ambapo elimu hiyo ilidharauliwa kwa gharama kubwa kupita zote. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuitazama nchi. Ujumbe ukazunguka kwa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu za Tanganyika na nchi jirani. Kongwa ikawa mahali pa kuanzia. Mwaka 1947 ilikusudiwa zisafishwe ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Mibuyu ilivunja mitambo. Vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta vilikwama. Na udongo, ambao wakati wa mvua ulionekana laini, ulipokauka ulishikana ukawa mgumu mno hata karanga zisiweze kung'olewa, na chembe zake kali zikala majembe ya plau. Mvua zilipokosekana, hesabu zote zikaanguka. Mnamo Januari 1951 mpango ule ulifutwa, na hasara yake ikatajwa kuwa pauni milioni 36.

Nilisimama nikautazama uwanda ule, ambao sasa ni nchi ya malisho na ng'ombe, na huzuni niliyoipata haikuwa ya fedha za watu wengine. Walikuwepo Wagogo waliojua mwaka gani mvua ilikatika na udongo upi hushikana ukikauka, na hakuna aliyewauliza kwa kumaanisha. Jaribio dogo la misimu mitatu au minne, katika vitalu vichache, lingalitosha kuonyesha yote yaliyogunduliwa baadaye kwa mamilioni. Mimi naona kwamba Kongwa ingepasa kusomeshwa katika kila chuo cha kilimo cha nchi hii.

Njia ya kwenda Hombolo huiacha barabara kuu karibu na Ihumwa, na katika pande hizo za Ihumwa ndiko alikozaliwa mwaka 1917 Mathias Mnyampala, mshairi wetu mashuhuri, ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Alizaliwa wakati mbaya. Miaka ile majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalikuwa yamewanyang'anya wananchi nafaka na mifugo, yakawachukua vijana kuwa wapagazi, na mvua zilipokataa ikashuka njaa ambayo wazee huiita Mtunya, iliyoua watu maelfu kwa maelfu. Katika njaa ya namna hiyo kitu cha mwisho kuliwa ni mbegu. Ikiisha kuliwa, mvua ya mwaka unaofuata huwakuta watu mikono mitupu. Nimeitaja kwa sababu hofu ya Mgogo juu ya mbegu ina nasaba ndefu, na mtaalamu aendaye kwake na mfuko wa mbegu mpya hukabiliana na hofu hiyo kabla ya jambo jingine lolote.

Hombolo ni mahali penye bwawa na kituo cha utafiti cha serikali, kilicho sasa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na kazi yake kubwa ni mazao ya nchi kame: mtama, uwele, njugu mawe na mengineyo. Mtafiti aliyenipokea, bwana mpole mwenye kofia ya ukindu, alinipeleka moja kwa moja katika vitalu, akanieleza kwa subira kazi ambayo kwa nje huonekana ndogo. Maua ya mtama hufunguka usiku wa manane kuelekea alfajiri, yakianzia ncha ya suke na kushuka chini siku kwa siku. Basi jioni, kabla hayajafunguka, mfanyakazi huketi na kibanio kidogo, akatoa vifuko vya chavua katika kiua kimoja kimoja bila ya kuudhuru upande wa kike, kisha akalivika suke mfuko wa karatasi. Asubuhi yake huleta chavua ya mtama mwingine, wenye sifa ambayo wa kwanza hauna, akaipukutisha humo. Punje zitakazotoka zina wazazi wawili waliochaguliwa kwa kusudi. Lakini wajukuu wao hutawanyika kwa tabia, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja mweupe, mmoja mchungu, na mtafiti sharti achague walio bora, awapande, achague tena, vizazi sita au saba hata tabia zitulie. Kwa nchi yenye msimu mmoja wa mvua, hiyo ni miaka mingi ya umri wa mtu, illa pale ambapo maji ya kumwagilia huruhusu kupanda mara ya pili kiangazi.

Halafu huja mizani. Niliuliza kwa nini aina moja ya mtama imepandwa mahali patatu mbalimbali katika shamba lile lile, akanionyesha kichuguu katika pembe moja. Udongo wa kichuguu una rutuba kuliko wa jirani; aina iliyobahatika kuwa karibu nacho ingeonekana bora bila ya haki. Kwa hiyo vitalu hugawanywa kwa kura, na kila aina hurudiwa, ili bahati ya udongo ijulikane na kutolewa katika hesabu. Kanuni hiyo iliwekwa na Mwingereza R. A. Fisher alipokuwa katika kituo cha Rothamsted katika miaka ya 1920, na mimi naihesabu kuwa miongoni mwa hikima kubwa za karne ile, kwani imempa mtafiti njia ya kujizuia asiipendelee kazi ya mikono yake.

Kutokana na kazi ya namna hiyo, hapa, na Ilonga kule Kilosa, na katika vituo vya nchi nyingine, wakulima wamepata aina ambazo majina yake sasa yamekuwa maneno ya kawaida vijijini: Tegemeo, Pato, na Macia, ambayo ilitolewa kwanza Msumbiji mwaka 1989 na kuruhusiwa hapa Tanzania mwaka 1999, na katika uwele, Okoa na Shibe. Macia ni fupi, punje yake ni nyeupe, nayo hukomaa mapema, kwa hiyo huweza kuukimbia ukame ambao mtama mrefu wa zamani hulazimika kuuvumilia.

Lililonishangaza kupita yote lilikuwa habari ya kiduha. Gugu hili lina ua zuri, na asiyelijua angelichuma. Kumbe ni mnyonyaji, ambaye hupenyeza mzizi wake katika mzizi wa mtama chini ya ardhi na kuunyonya hata udumae. Mbegu zake ni ndogo mfano wa vumbi la ugoro. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, nazo huweza kulala ardhini miaka zaidi ya kumi zikiwa hai. Hazioti ovyo. Hungoja mpaka mzizi wa mtama utoe kemikali iitwayo strigolaktoni, ambayo mmea huitoa kwa haja zake wenyewe, mojawapo ikiwa kuwaita kuvu wema wa ardhini wausaidie kupata madini ya fosforasi. Kiduha hudukiza wito huo, kikaamka. Mwana wa Ethiopia, Gebisa Ejeta, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alitafuta mitama ambayo mizizi yake hutoa kidogo sana kile kinachokiamsha kiduha, akaichanganya na mitama yenye mavuno mema; na mbili za aina zake ziliruhusiwa Tanzania mwaka 2002 kwa majina ya Hakika na Wahi. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Baadaye, mwaka 2017, wanasayansi walitangaza jeni inayohusika: ikiharibika, mtama hubadilisha aina ya strigolaktoni inayotolewa, kiduha kikabaki usingizini. Siku nilipoyasikia haya, nikiwa nimesimama katika jua la Hombolo na suke la Hakika mkononi, nilijivuna kwamba aliyelifumbua fumbo hili ni mtoto wa mkulima wa Afrika.

Jioni mtafiti alinifikisha kwa bibi mmoja katika kitongoji cha jirani, ambaye hulima mtama wa kituo na wa wahenga wake kwa pamoja. Nilimwamkia kwa salamu ya kwao, "Mbukwenyi," akacheka akaniitikia, akanipa kigoda. Nilimwuliza ni upi aupendao.

"Mwanangu," akasema, "huu mfupi ugali wake mweupe, na wanunuzi wa kiwanda cha bia wauchukua. Lakini ndege nao waupenda. Ule wetu mrefu una uchungu kidogo, kwelea kwelea akiuonja huwatafuta wenziwe waende kwingine. Tena bua lake natengenezea uzio, na ng'ombe wanakula. Nikiuacha, nitajenga kwa nini?"

"Na mbegu, bibi, waipata wapi?"

"Ya mfupi naipata kwa kikundi chetu. Ya mrefu, hiyo hapo." Akainua uso kuonyesha masuke yaliyotundikwa juu ya meko, meusi kwa moshi, ambayo alikuwa ameyachagua shambani kabla ya mavuno, moja moja, katika mimea iliyosimama imara wakati jirani zake zilipoanguka.

Nimeyatafakari maneno yake toka siku hiyo. Uchungu alioutaja watu wa kemia huuita tanini. Ndio uliomlinda mtama wa kahawia na ndege, na ndio pia hupunguza ladha na manufaa ya chakula tumboni. Mtafiti akiuondoa amempendeza mlaji na kiwanda, na amemfungulia mlango kwelea kwelea, ndege asiyezidi ukubwa wa shomoro ambaye hula kiasi cha gramu 10 kwa siku lakini huja kwa makundi ya mamilioni, hata serikali ikalazimika kuyanyunyizia mazalia yake dawa kwa ndege ya angani. Hakuna mbegu isiyo na bei ya namna hii. Bibi yule alikwisha kuipiga hesabu, akagawa shamba lake mafungu mawili. Na uchaguzi wake wa masuke ni kazi ile ile ya kituoni, isipokuwa yeye hana kura ya vitalu wala mfuko wa karatasi. Kwa uwele kukosa mfuko ni hasara kubwa, kwani uwele huchavushana na wa jirani, na mbegu bora ya Okoa iliyozungukwa na mashamba mengine hupotea nasaba yake kwa misimu michache. Mtama huvumilia zaidi, na mkulima makini huweza kuitunza mbegu yake kwa miaka kadhaa.

Ndiyo maana nililipenda shauri la mbegu za daraja la kuazimiwa, ambazo vikundi vya wakulima kama cha bibi yule huzalisha vijijini mwao kutokana na mbegu ya msingi ya watafiti, chini ya ukaguzi wa Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu, na kuwauzia majirani. Makampuni makubwa hayana tamaa ya kuuza mbegu ambayo mnunuzi ataitunza asirudi dukani mwaka ujao. Pengo hilo halina wa kuliziba ila wananchi wenyewe na serikali yao.

Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma kwa njia ya Arusha, nilipita kwa muda mfupi. Hapo hutafitiwa mizabibu, zao lililoanza Dodoma kwa wamisionari wa Bihawana mwaka 1957, na ambalo kwa kukosa baridi kali huzaa mara mbili kwa mwaka mkulima akijua kupogoa. Lakini jina la Makutupora limevuma kwa jambo jingine. Oktoba 2016 palipandwa hapo, ndani ya uzio, mahindi yaliyotiwa jeni ya bakteria ili yavumilie ukame, ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania. Novemba 2018 serikali iliamuru jaribio lisimamishwe na masalia yateketezwe, na Januari 2021 ikatangaza tena kuukomesha utafiti huo. Rai yangu ni kwamba jaribio lililofungiwa kwa hadhari lilistahili kufikishwa mwisho na matokeo yake kusomwa hadharani, wananchi wakayakubali au wakayakataa kwa elimu. Hata hivyo nasema pia, na kwa sauti kubwa zaidi, kwamba tumebishana miaka kadhaa juu ya hindi moja la kuvumilia ukame, na huku mtama uliokwisha kuuvumilia, uliojaribiwa na kuruhusiwa, haupatikani katika maduka ya pembejeo ya vijiji vingi.

Kwa hiyo nawasihi walio na mamlaka ya bajeti ya kilimo wakiongezee kituo kama Hombolo watafiti vijana kabla wazee hawa hawajastaafu na daftari zao, na wawape wakaguzi wa mbegu vyombo vya kusafiria. Nawasihi walimu wakuu na wazazi wa shule za Dodoma waurudishe uji wa uwele katika vyungu vya watoto, maana mkulima hulima kinachonunuliwa. Na nawasihi wote wanaosafirisha mbegu ya mtama na uwele waipakie mapema: Ugogo hupandwa mwishoni mwa Novemba na mwanzo wa Desemba, na mbegu ifikayo kijijini Januari huwa imekwisha kukosa mvua.